Upande wa Moyo Uliodharauliwa

Lugha yetu imeutwisha moyo mizigo mingi. Mtu hupiga moyo konde, hujipa moyo, huvunjika moyo, na akiwa mkarimu husemwa ana moyo. Lakini muulize mtu yeyote moyo wake uko wapi, naye atapeleka kiganja upande wa kushoto wa kifua. Hakosei sana, maana ncha ya moyo huelekea huko na mapigo yake husikika huko. Hata hivyo mazoea hayo ya mkono yamefanana mno na mazoea ya fikra. Kwa karne nyingi wataalamu nao walielekeza akili zao kushoto, wakauacha upande wa kulia wa moyo kama mtoto wa kambo: yumo nyumbani, kazi anafanya, lakini hakuna anayemuuliza hali.

Nilikuwa tabibu kwa zaidi ya miaka thelathini, sehemu kubwa katika wodi za hospitali moja ya kanda ya ziwa, na miaka ya mwisho katika chumba cha kupimia moyo nikimsaidia daktari bingwa. Si bingwa mimi, wala sijifanyi bingwa. Ila nimetazama shingo nyingi, nimepima matumbo mengi yaliyojaa maji, na nimebonyeza miguu mingi ambayo kidole kikiondoka huacha shimo. Wengi wa wagonjwa hao walikuwa na vali za moyo zinazovuja. Swali gumu kuliko yote juu yao halikuwa vali ipi inavuja. Swali lilikuwa: je, upande wa kulia wa moyo huu bado una nguvu? Jibu lake ndilo lililoamua nani apelekwe kupasuliwa, nani asubiri, na nani arudi nyumbani na dawa za kukojoza. Historia ya swali hilo ndiyo nitakayoisimulia hapa, kwa kuwa naamini ni historia ya dharau, na dharau hiyo iligharimu watu.

Kwanza tuelewane. Moyo si pampu moja bali ni pampu mbili zilizoshikana. Kila moja ina chumba cha juu cha kupokelea damu na chumba cha chini cha kuisukuma. Hiki cha chini wataalamu hukiita ventrikali, nami nitalitumia jina hilo, kwa sababu nikisema "chumba cha kulia" msomaji wangu atadhani nazungumzia mahali pa kulia ugali. Ventrikali ya kushoto hupeleka damu mwili mzima, kuanzia utosini hadi nyayoni, kwa shinikizo la kama milimita 120 za zebaki. Ya kulia hupokea damu iliyokwisha kuzunguka mwilini na kuipeleka kwenye mapafu tu, ambayo ni majirani zake, kwa shinikizo la kama milimita 25. Damu inayopita pande zote mbili ni kiasi kile kile, lita tano hivi kwa dakika mtu akiwa amepumzika. Kinachotofautiana ni upinzani ulio mbele. Kwa sababu hiyo ukuta wa ventrikali ya kulia ni mwembamba, kama theluthi ya ule wa kushoto, na umbo lake ni la mwezi mchanga uliomkumbatia jirani yake. Ndani ya moyo mna milango minne, yaani vali, inayoiruhusu damu iende mbele na kuizuia isirudi nyuma.

Katika nchi zetu, milango hiyo huharibiwa zaidi na homa ya baridi yabisi. Mtoto huumwa koo, akapona, kisha kinga ya mwili iliyoamshwa kupigana na vijidudu vya koo hugeuka na kuzishambulia vali. Inayoumia zaidi ni vali ya mitrali, mlango ulio kati ya vyumba viwili vya kushoto. Ikivuja, damu hurudi nyuma kuelekea mapafuni, shinikizo la huko hupanda, na ventrikali ya kulia iliyozoea mzigo mwepesi hujikuta inapandisha mlima. Hutanuka. Ikitanuka, pete inayoshika mlango wake, yaani vali ya trikaspidi yenye vijipande vitatu, nayo hutanuka. Vijipande havikutani tena, na mlango huo huanza kuvuja ingawa wenyewe haukuguswa na homa. Sasa damu inarudi kwenye vena, inajaza ini, inajaza tumbo, inashuka miguuni. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Msemo huo ungeweza kutungwa wodini.

Dharau yenyewe ni ya kale. Galen, tabibu wa Kigiriki wa karne ya 2 kutoka Pergamon, alifundisha kwamba damu hutengenezwa kwenye ini, na kwamba sehemu yake hupenya kutoka ventrikali ya kulia kwenda ya kushoto kupitia vitundu visivyoonekana katika ukuta wa kati. Fundisho hilo lilitawala kwa zaidi ya miaka elfu moja. Mtu wa kwanza tunayemjua kulipinga kwa maandishi ni Ibn al-Nafis, mzaliwa wa Damascus aliyefanya kazi Cairo. Mwaka 1242, alipokuwa akifafanua sehemu ya anatomia katika kitabu cha Ibn Sina, alisema wazi kwamba ukuta wa kati ni mzito na hauna tundu. Kwa hiyo damu ya upande wa kulia haina budi kupita mapafuni ndipo ifike kushoto. Maandishi hayo yalisahauliwa hata mwaka 1924, tabibu Mmisri Muhyo al-Din Altatawi alipoyakuta katika maktaba moja ya Berlin. Wakati huo dunia ilikuwa imekwisha kumpa sifa William Harvey wa Uingereza, ambaye kitabu chake cha mwaka 1628 kilithibitisha kwamba damu huzunguka, na kwamba ventrikali ya kulia ipo kwa ajili ya kuipitisha damu hiyo mapafuni. Kazi yake halisi ilikuwa imejulikana. Namna ya kumpima mfanyakazi huyo ikawa bado.

Kipimo cha kwanza kilitoka shingoni. Giovanni Maria Lancisi, aliyekuwa tabibu wa mapapa huko Roma, aliandika kitabu kilichotolewa mwaka 1728, miaka minane baada ya kifo chake. Humo alieleza jinsi mishipa ya shingo inavyotuna na kupwita kila moyo unapojikaza, kwa watu ambao upande wao wa kulia wa moyo umetanuka. Jambo hili ni rahisi kulielewa. Chukua pipa la maji, lichomeke mpira mng'avu ubavuni, uuinue juu: kimo cha maji katika mpira kitakuonyesha kimo kilichomo ndani ya pipa. Mshipa mkubwa wa shingo ndio mpira huo. Unashuka moja kwa moja hadi chumba cha juu cha kulia.

Nimewafundisha vijana wengi kipimo hiki. Unamlaza mgonjwa nusu ameketi, kichwa kimeegemea mto, mwanga unatoka pembeni. Kijana mgeni hukimbilia kupeleka vidole shingoni, nami humwambia, "Mwanangu, usiguse kwanza. Tazama." Kwa mtu mzima wa afya utaona mtikisiko mdogo karibu na mfupa wa bega, tena hauonekani kila mara. Kwa mwenye vali ya trikaspidi inayovuja sana utaona wimbi moja kubwa likipanda kila pigo, pengine mpaka ndewe ya sikio ikatikisika. Weka kiganja kwenye ini, nalo litakupiga kwa wakati ule ule. Hapo damu inakuambia yenyewe inakokwenda.

Mwaka 1816 René Laennec wa Paris alibuni chombo cha kusikilizia kifua, na kitabu chake kikatoka mwaka 1819. Masikio yakapata kazi mpya, lakini sauti ya mvujo wa kulia ni ya chini, rahisi kuichanganya na ile ya kushoto. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1946, José Manuel Rivero Carvallo wa Mexico alipoonyesha njia ya kuzitenganisha: mwambie mgonjwa avute pumzi ndani. Pumzi huvuta damu nyingi zaidi kifuani, na mvujo wa kulia husikika kwa nguvu zaidi. Ndani ya njia hiyo mna siri ya pili ambayo nimeipenda siku zote. Ventrikali ya kulia ikiwa imechoka kabisa, haiwezi kuitumia ile damu ya ziada, na sauti haiongezeki. Kwa hiyo ukimya huo ni habari. Bila mashine yoyote, pumzi moja inakupa fununu ya mvujo na fununu ya nguvu.

Lakini tusiruke. Mwaka 1837 Thomas Wilkinson King wa hospitali ya Guy's mjini London aliandika kwamba vali ya trikaspidi imeumbwa ivuje kidogo ventrikali inapojaa kupita kiasi, ili kuyaokoa mapafu yasifurike. Ulikuwa wakati wa injini za mvuke, na kila mtu aliifahamu ile vali ndogo inayofunguka kutoa mvuke kabla tangi halijapasuka. Wazo la King lina ukweli ndani yake. Ila lilizaa faraja iliyodumu muda mrefu mno: kwamba mvujo wa kulia ni rehema, kwamba si ugonjwa bali ni kinga, na kwamba anayeuziba anaweza kumdhuru mgonjwa. Daktari akishaamini kwamba uvujaji ni rehema, hatauliza unamgharimu nini mwenye nao.

Mwishoni mwa karne ya 19 alitokea mtu ninayemheshimu kuliko wengi, James Mackenzie. Hakuwa profesa wa hospitali kubwa. Alikuwa daktari wa kawaida katika Burnley, mji wa viwanda vya nguo huko Lancashire. Alitengeneza chombo cha kuandika kwenye karatasi mawimbi ya mshipa wa shingo pamoja na mapigo ya mkono, na mwaka 1902 akatoa kitabu chake juu ya mapigo. Nguvu yake kubwa haikuwa chombo. Ilikuwa kwamba aliwafuatia wagonjwa wale wale miaka na miaka, akaona mawimbi yalivyobadilika na maisha yao yalivyobadilika. Vali inayovuja haisomeki siku moja.

Kisha ukaja ujasiri wa ajabu. Mwaka 1929, katika mji wa Eberswalde nchini Ujerumani, daktari kijana Werner Forssmann alijipenyeza mpira mwembamba katika mshipa wa mkono wake, akausukuma hadi ukafika upande wa kulia wa moyo wake mwenyewe, akatembea hadi chumba cha eksirei na kupigwa picha ya ushahidi. André Cournand na Dickinson Richards waliiendeleza njia hiyo New York katika miaka ya 1940, na mwaka 1956 wote watatu walipewa Tuzo ya Nobel. Sasa shinikizo la moyo wa kulia liliweza kupimwa kwa tarakimu. Inasikitisha kwamba wakati ule ule mlango ulipofunguka, dharau ilipata hoja yake kubwa kuliko zote.

Mwaka 1943 Isaac Starr na wenzake huko Marekani waliunguza ukuta wa ventrikali ya kulia ya mbwa, wakitarajia vena zifure kama kwa mgonjwa wa moyo. Hazikufura kiasi cha kutajika. Wengi wakahitimisha kwamba ventrikali hiyo ni bomba tu, damu inaweza kupita hata lisipofanya kazi. Mwaka 1968 Francis Fontan wa Bordeaux alifanya upasuaji uliopeleka damu ya vena mapafuni bila kutegemea ventrikali ya kulia, kwa ajili ya wale waliozaliwa bila mlango wa trikaspidi. Upasuaji huo umewaokoa watoto wengi, nao ulionekana kuwathibitisha wenye dharau. Kilichosahauliwa ni kwamba mbwa wa Starr walikuwa na mapafu mazima na vali nzima. Mlima haukuwapo. Na waliofanyiwa upasuaji wa Fontan, wakiishi miaka mingi, maini yao huanza kuugua kwa damu inayotuama. Bomba si sawa na pampu. Ila gharama yake huchelewa kudaiwa.

Basi tazama mambo hayo yalivyokutana mwaka 1967. Nina Braunwald, daktari mpasuaji hodari wa Marekani ambaye mwaka 1960 alimwekea mgonjwa vali ya mitrali aliyoibuni mwenyewe, aliandika pamoja na wenzake kwamba mvujo wa trikaspidi kwa wagonjwa wanaobadilishiwa vali ya mitrali waweza kuachwa bila kuguswa. Ukiondoa mzigo wa kushoto, wa kulia utapona wenyewe. Kwa baadhi ya wagonjwa aliowaona, ndivyo ilivyokuwa. Mashine za kusimamisha moyo za wakati ule zilikuwa hatari, na kila dakika ya ziada mezani ilikuwa na bei. Sioni ubaya katika uamuzi wa siku zile. Ubaya ni kwamba ushauri wa wakati mgumu uligeuka kanuni ya wakati wote.

Nilimwona mmoja wa waliolipia kanuni hiyo. Alikuwa mama wa makamo, mchuuzi wa dagaa kutoka kisiwani, aliyebadilishiwa vali ya mitrali nje ya nchi alipokuwa kijana. Alirudi akiwa na nguvu, akabeba ndoo, akalea. Mwaka 2011 alikuja kwetu na karatasi ya kipimo cha hospitali nyingine ikisema vali mpya ni safi na moyo wa kulia unafanya kazi vizuri. Aliketi kitandani akanitazama.

"Daktari," alisema, "karatasi inasema nimepona. Mbona kanga hainifungi?"

Nilitazama shingo yake. Wimbi lilikuwa likipanda hadi chini ya sikio. Nikamwambia, "Mama, karatasi haikusema uongo. Ila imeulizwa swali moja tu." Daktari bingwa alimpima upya siku ile. Pete ya vali ya trikaspidi ilikuwa imetanuka hata vijipande vyake havikukaribiana. Mwendo wa ukuta wa ventrikali ulikuwa ule ule ulioandikwa kwenye karatasi, wa kuridhisha kabisa. Lakini sehemu kubwa ya damu iliyosukumwa ilikuwa ikirudi nyuma. Tulimpa rufaa. Huko walimpenyeza mpira moyoni, wakapima, wakasema ventrikali ile imechoka kiasi kwamba mlango ukizibwa haitaweza kusukuma mbele. Wakamrudisha na dawa za kukojoza. Aliishi miaka miwili, sehemu kubwa ya siku akiwa ameketi, na alifia kwao kisiwani akiwa na wanawe.

Nieleze jinsi karatasi njema inavyoweza kumficha mgonjwa. Mwaka 1953, katika mji wa Lund nchini Sweden, daktari Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz waliazima chombo cha sauti kilichotumiwa katika karakana ya meli kutafuta nyufa ndani ya chuma, wakakielekeza kwenye moyo. Hiyo ndiyo asili ya kipimo tunachokiita eko. Mwaka 1984 Paul Yock na Richard Popp walionyesha kwamba kasi ya damu inayovuja kupitia trikaspidi hutoa shinikizo: unazidisha kasi kwa yenyewe, kisha mara nne. Kasi ya mita 3 kwa sekunde ni tofauti ya milimita 36 za zebaki, na ukijumlisha shinikizo la chumba cha juu unapata lile la ventrikali, bila kumchoma mgonjwa. Mwaka huo huo Sanjiv Kaul na wenzake walionyesha kwamba unaweza kuikadiria nguvu ya ventrikali ya kulia kwa kupima pete ya trikaspidi inashuka milimita ngapi kila pigo. Siku hizi ikishuka chini ya milimita 17 tunaanza kuwa na wasiwasi.

Vipimo hivi ni neema. Lakini vali inayovuja huvifanya viseme nusu ya habari. Msomaji aliyewahi kujaza upepo baiskeli ananielewa. Mpira ukiwa mzima, mpini wa pampu unakuwa mgumu mkononi. Mpira ukiwa umepasuka, mpini unakwenda laini, haraka, hadi mwisho, na mtu anayekutazama kwa mbali atasema una nguvu za ajabu. Ventrikali inayosukuma kwenye mlango ulio wazi ndivyo ilivyo. Inajikaza vizuri kwa sababu haipati upinzani. Ziba mlango, upinzani urudi, ndipo udhaifu utokeze. Na kile kipimo cha kasi nacho hudanganya mvujo ukiwa mkubwa kupita kiasi: vyumba viwili huwa kama kimoja, tofauti ya shinikizo hupungua, kasi hushuka, na msomaji wa haraka hudhani mapafu yana nafuu. Upo pia udanganyifu wa kinyume. Kifua kikishafunguliwa kwa upasuaji, pete hushuka kidogo kuliko zamani hata kama ventrikali kwa jumla ni nzima.

Kwa hiyo mabingwa wamejifunza kuita mashahidi wengi. Hupima mwendo wa pete, kasi ya ukuta, na ukubwa wa ventrikali kabla na baada ya kujikaza. Palipo na mashine ya MRI hupima ujazo wenyewe. Jambo kubwa zaidi, huuliza nguvu hiyo inapambana na nini. Marco Guazzi wa Italia na wenzake, mwaka 2013, waligawanya mwendo wa pete kwa shinikizo la mapafu kwa wagonjwa ambao moyo umeshindwa kazi, na hesabu hiyo ndogo ikatabiri mauti vizuri kuliko mwendo peke yake. Hesabu yenyewe mtoto wa shule anaiweza, lakini fikra yake ni kubwa: huwezi kusifu wala kulaumu mbebaji bila kuupima mzigo.

Wapasuaji nao wamegeuka. Mwaka 2005 Gilles Dreyfus na wenzake walishauri pete ya trikaspidi ipimwe wakati wa kutengeneza mitrali, na ikiwa imetanuka irekebishwe hata kama bado haijavuja sana. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2022, lenye wagonjwa 401 ambao mitrali yao ilivuja kwa kuchakaa, lilionyesha kwamba waliorekebishwa pete mvujo haukuzidi kama kwa wenzao. Lakini kama 14 katika kila 100 walihitaji kuwekewa betri ya moyo, dhidi ya watu wasiofika 3 kwa wengine. Hakuna tiba ya bure. Ila angalau upande wa kulia sasa unaulizwa hali kabla kifua hakijafungwa.

Tusidhani kwamba Afrika Mashariki ilikuwa mtazamaji tu katika hadithi hii. Mwaka 1948 Jack Davies, mtaalamu wa maiti na magonjwa katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, alieleza ugonjwa ambao utando wa ndani wa moyo hugeuka kovu nene. Kovu hilo mara nyingi huijaza ventrikali ya kulia kutoka ncha, hufunga kamba za vali ya trikaspidi, na mlango hubaki wazi. Chumba cha juu hutanuka kuwa kikubwa kuliko ventrikali yenyewe. Wagonjwa hao huja na tumbo kubwa la maji na miguu ambayo pengine haikuvimba sana, na tabibu asiyejua huanza kutafuta ugonjwa wa ini. Aliyetazama shingo hapotei. Ugonjwa huo ulitufundisha mapema, hapa kwetu, kwamba moyo wa kulia si bomba: ukizibwa, mtu huzama katika maji yake mwenyewe.

Ni kwetu pia ambako limetoka jibu linaloutangulia upasuaji. Kaskazini mwa Uganda, katika jaribio lililochapishwa mwaka 2021, watoto 818 ambao eko ilionyesha dalili za awali za vali kuumizwa na baridi yabisi waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilichomwa sindano ya penisilini kila mwezi kwa miaka miwili. Katika kundi hilo, watoto 3 ndio waliozidiwa na ugonjwa. Katika kundi lisilochomwa, walikuwa 33. Penisilini ni dawa ya zamani, na bei yake haifanani hata kidogo na bei ya vali ya chuma. Tangu mwaka 2015 Tanzania ina Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, na wengi ambao zamani wangesubiri safari ya India wanapasuliwa nyumbani. Hilo ni jambo la kushukuru. Lakini mtoto aliyechomwa sindano kwa wakati hatahitaji kujua jengo hilo liko wapi.

Nikiitafakari historia hii yote, naona dharau haikutokana na ujinga. Galen hakuwa mjinga, wala Starr, wala Nina Braunwald. Ilitokana na mazoea ya kumpima mtumishi kwa kelele zake. Upande wa kushoto una kelele: mapigo yake unayashika mkononi, shinikizo lake linapimwa katika kila zahanati, ukisimama mtu anaanguka papo hapo. Upande wa kulia hufanya kazi kimya, hubeba mzigo wa mwenzake bila kulalamika, hutanuka badala ya kupiga kelele, na siku unapolalamika, kauli yake hutokea mahali pengine kabisa: kwenye kanga isiyofunga, kwenye kiatu kisichoingia.

Kwa vijana wanaoanza kazi hii leo, na mashine bora kuliko tulizokuwa nazo, nina ombi moja. Mgonjwa mwenye vali inayovuja akija na karatasi nzuri, isomeni, kisha mwulizeni nguo zake zinamkaaje, mlaze nusu ameketi, uleteni mwanga ubavuni, mtazame shingo. Na mkiona pete inatanuka, msingoje tumbo lijae ndipo muandike rufaa. Moyo wa kulia husamehe kwa miaka mingi, lakini msamaha wake una kikomo, na kikomo hicho hakiandikwi kwenye karatasi.